Ukoko

Salha, usicheke. Ndiyo, nilivuka bahari
nije kusomea tambi.

Hapa Bloomington theluji imelala juu ya gari langu
siku ya nne sasa, mgeni asiyejua kwao.
Sufuria inatokota. Kando yake kompyuta
inapika pia, tangu Jumapili,
chembe elfu hamsini ndani ya mchemraba
ambao mbele yake punje ya vumbi ni jabali.

Sikiliza. Nyota nzito ikifa
hujikunja, hujikunja, mpaka yote,
na moto wake wote,
ukiitua hapa mlangoni ukingo haufiki Bedford.
Juu yake kuna ganda. Maprofesa wana jina lao.
Mimi naliita ukoko,
ule unaoganda chini, kwenye moto,
tuliougombania kwa vijiko, wewe na mimi,
hadi sufuria ya mama ikatoboka.

Huko juu viini bado vimetengana, kila kimoja duara,
kama kaimati zako za Ramadhani.
Shuka. Uzito unazidi. Kaimati zinagusana,
zinashikana, zinakuwa tambi.
Shuka tena: tambi zimelaliana, zimekuwa chapati,
tabaka juu ya tabaka, bila mafuta ya kuzitenga.
Na chini kabisa ni mkate wa kumimina,
matundu tu ndani ya unga.

Nani anakanda? Hakuna mkono.
Protoni huchukiana kama wakewenza,
kila mmoja anataka mwenzake ahame,
lakini nyumba ni moja, mlango umekomelewa,
na upo mvuto mwingine, wa karibu karibu tu,
unaowashika viuno.
Hakuna anayeshinda. Umbo ndio huo ugomvi.

Jirani yangu Darlene anakata mawe machimboni,
kwa waya wenye vumbi la almasi, maji yakimwagika,
masikio kayaziba kwa sifongo ya manjano.
Aliniuliza: kipi kigumu kuliko vyote?
Nikamwambia: tambi.
Akacheka kama wewe, kaegemea sepeto la theluji.
Nikamwambia, kijiko kimoja cha chai
ni tani milioni mia tano,
na kuzikata ni kazi mara bilioni kumi
kuliko kukata chuma cha pua.
Akanyamaza. Kisha: "Na huo waya
atanilipia nani?"

Usiku nauvuta mchemraba kwenye kioo,
asilimia moja, mbili, tano.
Tambi zinanyooka, zinajipinda, zinabadili jirani.
Nangoja zikatike.
Profesa Lindqvist anataka namba moja kwa Ijumaa:
zinavunjikia wapi?
Maana ukoko ukiwa mgumu hubeba mlima,
na mlima wa huko ni kimo cha ukucha,
na nyota ikizunguka nao, mamia ya mara kwa sekunde,
anga yote hutikisika kidogo,
kidogo mno, mpaka leo
hakuna aliyeusikia mtikiso wake.
Milima haikutani, walitufundisha.
Huu mmoja natafuta kukutana nao.

Jana Darlene kaniletea kipande cha jiwe la chokaa,
ukubwa wa nusu tofali.
Ukilisogeza taani unaona makombe,
maganda ya vidudu vya bahari iliyokuwa hapa
kabla ya mahindi, kabla ya barabara,
kabla ya kuwepo mtu wa kuiita bahari.
Nimeligandamizia karatasi. Halisemi kitu.

Umeniuliza narudi lini. Sijui, Salha.
Mchemraba umefika asilimia ishirini na nane
na bado zimeshikana.
Zile za jikoni nimezisahau, zimeungua;
nyumba nzima inanuka iliki na moshi.
Nakwangua chini kwa kijiko, polepole,
na hapa hakuna wa kuninyang'anya.